Majina kwenye msimbo: Kiswahili chako kitaingia, kipe nafasi yake

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya programu, mtaambiwa kwamba kila jina kwenye msimbo (code) liwe la Kiingereza. Mimi nakubali nusu tu. Lugha unayofikiria hupenya hata ukiandika Kiingereza. Mtu wetu akiandika `numberPhone` au `dateBirth`, ametanguliza nomino kama tunavyosema namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa. Wenzetu nao ni hivyohivyo. Mtindo wa kuanza jina la kigeu (variable) kwa alama ya aina yake uliitwa wa Kihungari kwa sababu mwanzilishi wake, Charles Simonyi, alizaliwa Budapest, na Wahungari hutanguliza jina la ukoo. SAP, kampuni ya programu za kuendeshea biashara, ilianzishwa Ujerumani mwaka 1972, na hadi leo anayeshughulika na majedwali yake, awe Dar es Salaam au Tokyo, anaandika `KUNNR` kwa namba ya mteja na `LIFNR` kwa namba ya msambazaji. Ni vifupisho vya Kijerumani.

Kwa hiyo amueni mapema Kiswahili kikae wapi. Chukua mfumo wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa. Wanachama wana hisa, mkopo, marejesho, faini, mfuko wa jamii. Ukilazimisha Kiingereza, mmoja ataandika `repayments`, wa pili `refunds`, wa tatu `returns`, na siku hesabu zisipolingana mtahangaika kujua kama ni kitu kimoja au vitatu. Andikeni `marejesho`, basi. Neno la wenye kazi libaki lilivyo, na vitenzi vya kawaida kama `get` na `save` vibaki Kiingereza, maana ndivyo maktaba zote za programu zinavyosema. `save_marejesho` halipendezi machoni, lakini kila mtu kwenye timu analielewa papo hapo.

Shida ya kweli iko kwenye wingi. Zana nyingi zinadhani wingi ni kuongeza s mwishoni. Chukua Laravel na Django, zana za kujengea mifumo ya wavuti. Ukiita modeli yako (sehemu ya msimbo inayowakilisha jedwali la data) `Mkopo`, Laravel itatafuta jedwali la `mkopos`, na ukurasa wa usimamizi wa Django utamwonyesha mhasibu neno "Mkopos". Usiliache hivyo, linamfanya mtumiaji aone mfumo haukutengenezwa kwa ajili yake. Kwenye Laravel taja jedwali mwenyewe kwa `$table`. Kwenye Django jaza `verbose_name_plural`. Halafu kuna `mkopo` na `mikopo` ndani ya kitanzi (loop) kimoja: tofauti ni herufi moja, na jicho lililochoka halitaiona. Mimi napendelea `orodha_ya_mikopo`. Ni refu, lakini halichanganyi.

Jambo ninalowasihi zaidi ni saa. Katibu akikwambia kikao ni saa 10 jioni, anamaanisha 16:00. Ukiwa na safu inayoitwa `saa` na ndani yake mtu akaingiza 10, mashine itatuma ujumbe wa kikao saa nne asubuhi, na wanachama watafunga biashara zao bure. Aliyeingiza data hana kosa, jina ndilo halikumwambia ni saa ya nani. Ita safu hiyo `muda_saa24`, hifadhi kwa mfumo wa saa 24, na ubadilishe kwenda saa yetu pale tu unapomwonyesha mtumiaji.

Kiingereza kibovu kirekebisheni kwa upole mnapokaguana kazi. Kinachotakiwa ni jina moja kwa kitu kimoja, kwenye msimbo wote. Wekeni faili moja ndani ya mradi yenye maneno mliyokubaliana, kila neno na maana yake kwa mstari mmoja, na mgeni wa timu asome faili hiyo kabla ya kugusa chochote. Neno likiwatatiza, msibishane wenyewe ofisini: mpigieni mweka hazina wa kikundi, mumuulize kwenye daftari lake anaandikaje.