Kuhusu S350 ya 2004 kwa bei ya gari dogo

Ndugu, umeuliza kama uinunue ile Mercedes-Benz S350 ya 2004 inayouzwa Nyali, Mombasa, kwa bei ya gari dogo. Kwa maoni yangu, inunue tu iwapo utabakiwa na akiba isiyopungua nusu ya bei hiyo, kwa sababu bei ya gari imeshuka lakini bei ya vipuri vyake haikushuka nayo.

Kabla ya yote, chunguza springi zake za hewa, yaani mifuko ya mpira iliyojazwa hewa inayolibeba gari. Mwombe mwenye gari asiliwashe tangu usiku, kisha ufike asubuhi na mapema ulitazame: ikiwa kona moja imelala hadi bodi inakaribia kugusa tairi, mfuko wa springi hiyo unavuja, na kompresa, yaani pampu ya kujaza hewa hiyo, ambayo hulazimika kufanya kazi mfululizo ili kufidia hewa inayopotea, haitachukua muda kuungua. Pitisha kidole pia chini ya milango na kwenye kingo za matao ya magurudumu, maana toleo hilo lilijulikana kwa kushika kutu hata Ulaya, sembuse huku kwetu kwenye upepo wa chumvi.

Usiridhike kulijaribu barabara ikiwa tupu. Lipeleke kwenye foleni ya feri ya Likoni saa nane mchana, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, huku ukiangalia kama mshale wa joto la injini unapanda. Halafu, kabla ya kulipa, mtafute fundi mwenye mashine ya kusoma hitilafu za Mercedes. Fundi wa kukisia atakubadilishia vipuri ambavyo havijaharibika, na bili utalipa wewe.