Kutambua kazi ya msusi mwenyewe

Ndugu, umeuliza ni vipi mtu atatofautisha, katika maonyesho ya kazi za mikono ya kabla ya Krismasi hapa Iringa, kikapu kinachouzwa na msusi mwenyewe na kile kilicholanguliwa. Muulize muuzaji kimesukwaje: msusi wa kweli atakueleza milulu (majani ya kusukia vikapu) inavyovunwa, inavyokaushwa na kusukwa, na mara nyingi atakuwa na kingine mapajani ambacho hakijakamilika, ilhali mlanguzi ataanza na bei. Kagua kitako na ukingo, kwa kuwa huko ndiko kazi ya haraka hujulikana. Rangi isikushughulishe sana. Vyungu vya Wakisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa hufinyangwa kwa mikono bila gurudumu, hivyo kupinda kidogo si kasoro, lakini vigonge kwa kidole usikie kama vina ufa, maana safari ya kutoka Kyela ni ndefu. Kwa kadi za sikukuu, wapo Neema Crafts, kituo kilichoanzishwa mwaka 2003 na kinachoajiri watu wenye ulemavu, ambacho kimejulikana kwa karatasi ya kinyesi cha tembo (haina harufu, kwa wenye wasiwasi).