Gemu bora ya mashine za sarafu kuliko zote: mi nasimama na Galaga

Wakuu, swali lililopo ni gemu gani bora kuliko zote kati ya zile za zamani za mashine za kusimama, za kutumbukiza sarafu, na naona karibu kila mtu anataja Pac-Man au Street Fighter II halafu ugomvi unaanzia hapo. Mi jibu langu ni Galaga, ya kampuni ya Namco, mwaka 1981, gemu ya ndege inayopiga risasi kundi la wadudu wa angani. Sisemi hivo kwa kupenda ubishi, hizi mashine nimezicheza tangu nikiwa mfupi kiasi kwamba ilibidi nisimame juu ya kigoda ndo nione skrini yote, na mpaka leo nikikuta mashine nzima inayofanya kazi sipiti bila kugusa stiki.

Tunapopotea ni kwenye kipimo. Wengi wanapima kwa jina, au kwa gemu ipi ilifungua njia kwa wengine, na kama ni hivo basi ubishi ufungwe tu kwa Space Invaders ya Taito, 1978, ile ya kupiga risasi safu za adui wanaoshuka, maana yule jamaa Tomohiro Nishikado alibuni gemu na hata vifaa vya ndani ya mashine akaviunda mwenyewe, kwa sababu vilivyokuwepo havikutosha. Na ile kitu inayowapa watu presha, adui kukimbia zaidi kadiri wanavyopungua, haikupangwa. Prosesa ilikuwa inalemewa kuchora adui 55 kwa mpigo, ukiwapunguza kazi inakuwa nyepesi, waliobaki wanaenda mbio, Nishikado akaona inanoga akaiacha vilevile. Heshima yake iko palepale. Lakini ukinipa sarafu moja leo siiweki Space Invaders, na nadhani hata nyie wengi hamuiweki.

Mi kipimo changu ni hiki: umekufa, maisha yote yameisha, umesimama mbele ya skrini na mfukoni imebaki sarafu moja. Unaiweka au unaondoka? Kinachomfanya mtu aiweke ni kujua kabisa kwamba kosa lilikuwa lake na anajua alikosea wapi, yaani mkono unawasha kurekebisha. Ukifa kwa kuonewa unaondoka na hasira. Ukifa bila kuelewa ndo mbaya zaidi. Dragon's Lair ya 1983 ilikuwa hivo kwangu, jamani ile gemu ilikuwa nzuri kwa macho, katuni kamili za mchoraji Don Bluth zinatoka kwenye diski ya leza wakati gemu zingine zote ni vidoti, watu walijaa nyuma yangu kuangalia tu, lakini kucheza kwenyewe ni kukariri kushoto, kulia, upanga, ukichelewa kidogo umekufa na hujui hata ulitakiwa kufanya nini. Nilipoimaliza kuikariri sikuirudia tena.

Sasa Pac-Man, ile ya kula vidoti kwenye vichochoro huku vizuka vinakufukuza. Hii siiongelei kwa dharau hata kidogo, Toru Iwatani alifanya kitu kikubwa mwaka 1980 na watu wengi wanaoicheza hawajui kilichomo ndani. Vile vizuka vinne havikufuati kwa namna moja. Chekundu, Blinky, kinakuja moja kwa moja pale ulipo. Cha pinki kinalenga vigae vinne (vile viraba vidogo vinavyounda ramani) mbele ya unakoelekea, ndo maana unahisi kinakusubiri kwenye kona. Cha bluu, Inky, kinapiga hesabu kwa kuangalia wewe ulipo na Blinky alipo, kwa hiyo kama Blinky yuko mbali Inky anazurura na kama yuko karibu wanakubana pande mbili. Na Clyde wa rangi ya chungwa akikukaribia chini ya vigae vinane anageuza kwenda kwenye kona yake. Nilipoyaelewa haya, baada ya miaka mingi ya kukimbia ovyo, nilijiona kama nimeanza kuicheza upya.

Tatizo langu na Pac-Man ni kwamba vizuka havina bahati nasibu ya kweli. Ukipita vichochoro vilevile kwa muda uleule, vinafanya vilevile, kila mara, hivo kukawa na njia za kukariri, unajifunza moja unaipiga hata ukiwa unaongea na mtu. Nimeshasimama nyuma ya kijana mmoja anapita levo baada ya levo na uso wake hauna habari kabisa, kama anafagia. Na ukienda nayo mbali sana unafika levo ya 256 ambapo namba ya levo inazidi uwezo wa mashine, nusu ya kulia ya skrini inajaa herufi na takataka, huwezi kumaliza. Hiyo siihesabu kama kosa la kuiangusha, wachache mno wanafika huko. Donkey Kong, ile ya kupanda ngazi, nayo inakufia levo ya 22, muda unakatwa kabla hata hujapanda juu.

Ndo maana kama mtu analazimisha familia hiyo mi namwambia Ms. Pac-Man, 1982. Ilitengenezwa na vijana wa General Computer Corporation, walioacha chuo cha MIT, walianza kwa kuichokonoa Pac-Man wenyewe na kuipa jina Crazy Otto, kampuni ya Midway wakainunua. Ina ramani nne badala ya moja, matunda yanatembea, na vizuka vimetiwa kubahatisha kidogo kwa hiyo kukariri hakukusaidii, inabidi uangalie. Nafasi ya pili kwangu ni hii, bila kusita.

Street Fighter II, ile ya kupigana mtu na mtu, sitaijadili sana. Ni ya 1991, ni nzuri mno, hata zile kombo, yaani mapigo ya mfululizo, ilikuwa ni hitilafu ambayo watengenezaji wake Capcom waliamua kuiacha, na nimepoteza mchana mzima nikipigwa na Guile, mpiganaji wa kaka yangu, amechuchumaa kule mwisho ananirushia pigo lake la mbali, Sonic Boom, nikiruka ananipokea kwa teke. Ila utamu wa ile gemu ni yule binadamu aliyesimama pembeni yako. Anayeshinda anabaki, aliyeshindwa anapisha, na mashine ikiwa peke yake bila mpinzani nusu ya gemu haipo. Tunaongelea gemu bora ya mashine, na mi naipa alama mashine yenyewe.

Haya, Galaga.

Ukiitazama haraka unasema ni ya kupiga risasi tu, adui juu wewe chini. Mara ya kwanza naiona ikichezwa vizuri, aliyekuwa anacheza alikuwa mkubwa kwangu, na lile dudu la kijani la juu likashuka likamwaga mwale wa kunasa ndege, yeye badala ya kukwepa akaingia ndani kabisa. Nikajua amechoka kucheza. Ndege yake ikavutwa juu, ikawa nyekundu, akaletewa nyingine, akatulia, akasubiri lile dudu lishuke tena na mateka wake, akalipiga mara mbili, ndege ikaachiwa ikashuka ikaungana na ile ya pili. Ndege mbili bega kwa bega, risasi mbili mbili. Sikulala vizuri usiku ule, nilikuwa nayarudia kichwani.

Angalia ule uamuzi ulivyo. Unatoa uhai mmoja mzima kwa hiari yako, sasa hivi, kwa ahadi ya nguvu baadaye. Ukilipiga dudu likiwa limetulia kwenye mstari badala ya likishuka, mateka harudi kwako. Ukiharakisha unaweza kuipiga ndege yako mwenyewe, na hili limenikuta mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Ukijiachia unaswe ukiwa na ndege ya mwisho, gemu imeisha hapo hapo. Na hata ukifanikiwa, sasa una upana mara mbili, wewe ni shabaha kubwa mara mbili, mapengo uliyokuwa unapenya hayatoshi tena. Kila faida ina gharama yake na zote unaziona kwa macho kabla hujaamua, hakuna anayekudanganya. Gemu ya 1981 hiyo, stiki ya kwenda kushoto na kulia na kitufe kimoja.

Halafu risasi. Galaxian, iliyoitangulia, 1979, ilikuruhusu risasi moja tu hewani. Galaga wakakupa mbili. Inaonekana kitu kidogo, ila fikiria, ukikosa, risasi yako lazima isafiri mpaka itoke juu ya skrini ndo upate nyingine, ukipiga inarudi mara moja. Kwa hiyo kukosa kunakuadhibu kwa muda, dakika ileile unapouhitaji. Na mwisho mashine inakuonyesha umefyatua risasi ngapi, ngapi zimepata, na asilimia yake. Mi mara ya kwanza kuiangalia ile namba ilikuwa 54, nikaona aibu, nilikuwa nabonyeza kitufe kama napigilia msumari. Nikaanza kusubiri. Nikaacha kumlenga adui alipo nikawa nalenga anapokwenda, ikapanda taratibu mpaka 80 na kitu, na pointi zikapanda nazo bila mi kuzitafuta.

Ile hatua ya tatu, ambapo adui 40 wanapita kwa makundi bila kukupiga, ukiwamaliza wote unapata pointi 10,000, ndo sehemu ya kupumua na pia ya kujipima. Inarudi kila baada ya hatua nne. Ukiwa na ndege mbili 40 zote zinawezekana, ukiwa na moja inabidi ujue kila kundi linatokea upande gani.

Nakubali ina dosari. Kuna ule ujanja wa kuwaacha nyuki wawili (adui wadogo wa safu za chini) wa kushoto hatua ya kwanza, unawakwepa kama robo saa bila kuwapiga, mwisho adui wote wanaacha kufyatua risasi gemu nzima. Niliwahi kuufanya mara moja. Nilifika mbali kuliko nilivyowahi kufika na sikufurahi hata kidogo, sijaufanya tena.

Kaka yangu yeye anasema Robotron: 2084 ya Eugene Jarvis na Larry DeMar, stiki mbili, moja ya kutembea moja ya kupiga, na namwelewa, ni kali, hakuna gemu inayojaza skrini na hofu kama ile. Ila pale hupati nafasi ya kuamua kitu, unaokoka tu.

Kwa anayetaka kuijaribu Galaga kwa mara ya kwanza: msiicheze kwenye skrini ya kisasa yenye kuchelewa halafu mseme ni nzito, ule ucheleweshaji mdogo kati ya mkono na ndege unaiharibu kabisa. Hatua ya kwanza wapunguze wa chini wote kwanza, bakiza dudu moja la kijani, kaa katikati, likifungua mwale ingia. Na likishuka tena na ndege yako, vuta pumzi kabla ya risasi ya pili.