Kwa nini waliopewa viwanja Mabwepande walionekana tena bondeni: jibu la aliyehamishwa

Wakuu, heshima kwenu.

Mleta mada ameuliza maswali mawili. La kwanza, serikali inapopanga makazi ya kudumu kwa watu walioondolewa na mafuriko au bomoabomoa, ianze na kipi? La pili, kwa nini baadhi ya waliopewa viwanja Mabwepande, pembezoni mwa Dar es Salaam, mwaka 2012 walionekana tena bondeni kwa Mto Msimbazi miezi michache baadaye? Pia ameomba ushauri, kwa sababu mtaa wake wa Kigogo umeguswa na mradi. Mchangiaji mmoja akajibu kwamba watu wa bondeni hawana shukrani, wanapewa kiwanja, wanakiuza, wanarudi mtoni. Kauli hiyo imeniuma, kwa sababu mama yangu ni mmoja wa hao "walioonekana tena bondeni". Nitakuwa mrefu, mnivumilie.

Tulikuwa tunakaa Magomeni Suna, si mbali na Mto Msimbazi. Nyumba ilikuwa ya babu mzaa mama, ya Kiswahili kama nyingi za kule: vyumba sita, korido katikati, jiko na choo uani. Sisi tulikaa viwili, vinne vilikuwa na wapangaji. Mama alikuwa muuza samaki. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa Feri, soko la samaki la mjini, kwenye mnada, saa nne samaki wako kwenye karai uani, jioni yuko Mapipa na beseni lake na karatasi za kufungia. Kazi hiyo ndiyo iliyotusomesha sisi watatu.

Mvua ya Desemba 2011 ilianza tarehe 20. Ilielezwa baadaye kwamba Dar haikuwa imepata mvua ya namna ile tangu 1954. Watu wapatao 40 walipoteza maisha jijini. Kwetu maji yaliingia alfajiri kupitia uani, na yalipofika usawa wa dirisha tukapanda juu ya paa la jirani. Tulilala kwenye madarasa ya shule, na Januari 2012 tukapandishwa magari kwenda Mabwepande.

Kwa wasiokujua, unafuata Barabara ya Bagamoyo hadi Bunju B, halafu unaingia kushoto. Kutoka Kariakoo ni zaidi ya kilomita 30. Wakati ule palikuwa na vichaka, barabara iliyochongwa juzi, na mahema yaliyopangwa mistari. Hema mchana lilikuwa tanuri. Maji yalikuja na boza, ukichelewa foleni unarudi na madumu matupu.

Siku ya kuonyeshwa kiwanja naikumbuka vizuri. Vijana wa upimaji walivuta futikamba, wakapiga vigingi vinne, mmoja akaandika namba kwenye daftari. Akamwambia mama, "Hongera mama, hiki ni chako." Mama akashukuru, akasimama katikati ya vile vigingi, akageuka huku na huku kama mtu anayetafuta kibla. Kisha akamuuliza yule kijana, "Mwanangu, Feri ni upande gani?" Yule kijana akanyoosha mkono kuelekea mjini. Mama akanyamaza.

Wakuu, jibu la swali la kwanza nililipata pale. Watu walipanga viwanja, barabara, shule, zahanati, na kwa haki niseme kazi hiyo ilifanyika kwa kasi na kwa nia njema. Lakini hakuna aliyekuwa ameandika mahali popote kwamba mwanamke huyu anakula kwa kufika Feri saa kumi na moja alfajiri. Mpango ulimjua kama mwathirika wa mafuriko. Haukumjua kama muuza samaki.

Kilichofuata ni hesabu. Saa hizo za usiku hapakuwa na daladala ya kumtoa Mabwepande akawahi mnada. Mchana ipo, lakini ni kuunganisha mara mbili au tatu, na nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa inameza karibu nusu ya faida. Kwa hiyo mama akapanga chumba Kigogo, bondeni kule kule, na mama mdogo. Jumapili mpaka Alhamisi analala huko, Ijumaa usiku anarudi kwetu na unga na mafuta ya kupikia. Mimi nilikuwa na miaka 19, nikabaki kwenye hema na wadogo zangu wawili. Ukipita Kigogo siku ya Jumatano ungemkuta, na ungeandika kwamba amepewa kiwanja na amerudi bondeni. Ungekuwa umeona kweli, lakini usingejua kwamba kile chumba cha Kigogo ndicho kilikuwa kinalisha kiwanja cha Mabwepande. Na pesa ya kodi ya chumba kile ndiyo ambayo ingenunua tofali.

Hapa niwataje waliouza, kwa sababu wapo, sitawaficha. Majirani zetu wawili waliuza. Mmoja alikuwa kuli wa Kariakoo, kazi yake ni mabega yake na kufahamiana na wenye maduka. Mabwepande mabega yale hayakuwa na mzigo wa kubeba. Alikaa miezi mitano, mke akapata ujauzito, akauza. Sikumlaumu siku ile na sitamlaumu leo.

Jambo la pili ambalo halisemwi sana ni wapangaji. Orodha kwetu ilianza kwenye daftari la mjumbe, na daftari lilikuwa na jina la mwenye nyumba. Nyumba yetu ilikuwa na kaya tano chini ya paa moja, lakini karatasini tulikuwa mstari mmoja. Chumba cha mbele alipanga fundi viatu, alikaa kwetu miaka tisa, maji yalimchukulia cherehani na ngozi zake zote. Alizunguka ofisini wiki nzima akiambiwa asubiri awamu ya wapangaji, mwisho akachoka, akatafuta chumba Mkwajuni. Desemba 2015 bomoabomoa ya bonde ilipopita na zile alama nyekundu za X, nyumba aliyopanga ikaenda chini. Mtu mmoja, amehamishwa mara mbili ndani ya miaka minne, na hajawahi kuhesabiwa hata mara moja. Dar ni mji wa wapangaji. Ukipanga makazi ya waliohamishwa kwa kuhesabu wenye nyumba tu, umewaacha wengi nje, na hao ndio watakaojaza bonde lile lile kesho yake kwa sababu chumba cha bei yao kiko huko.

Mama aliokolewa na mwanamke aliyekaa naye kiti kimoja kwenye daladala ya Tegeta mwaka 2015. Walikuwa wanalalamikia nauli, yule mama akamwambia, "Dada, unakwenda Feri kufanya nini na Kunduchi ipo hapa?" Kunduchi kuna pwani wanakoshushia samaki, na kutoka Bunju ni njia hiyo hiyo ya Bagamoyo, kabla hata hujafika Mwenge. Mama hakuwahi kufika huko maishani, yeye dunia yake ilikuwa Feri na Mapipa. Wiki iliyofuata alikwenda, akaanza kwa ndoo moja. Ndani ya miezi mitatu akaacha chumba cha Kigogo. Mwaka ule ule tukamwaga msingi, mwaka uliofuata tukapaua chumba na sebule, mengine yakabaki boma.

Naomba tulitafakari hili. Miaka mitatu na zaidi familia yangu ilipasuka vipande viwili kwa kukosa sentensi moja ya mwanamke wa kwenye daladala. Kama siku ile ya vigingi angekuwepo ofisa mmoja mwenye daftari akiuliza kila kaya "unafanya kazi gani, unanunulia wapi, unauzia wapi, unaondoka saa ngapi", angeona kuna wauza samaki kadhaa, angepiga simu Kunduchi, angewatafutia meza pale pwani na daladala moja ya alfajiri. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mahema.

Sisemi kwamba kupewa kiwanja ni kosa. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni tunazozisifia leo zilianza hivyo miaka ya 1970, kwenye mradi wa viwanja na huduma uliopata mkopo wa Benki ya Dunia. Serikali ilipima, ikachonga barabara, ikavuta maji, mwananchi akajenga mwenyewe, na Benki ya Nyumba ilikuwepo kukopesha. Lakini angalieni Sinza iko wapi. Mtu wa Sinza aliamka akafika kazini mjini akarudi siku yake haijaisha. Na alikuwa na karatasi. Sisi tulikaa muda mrefu bila ofa, yaani barua ya kumilikishwa kiwanja, mkononi, tuna namba ya kiwanja tu, na namba haikopesheki. Saruji yetu ilitoka kwenye vikoba, mifuko miwili miwili.

Magomeni Kota nayo ina funzo lake. Kaya 644 ziliondolewa kwenye nyumba za zamani za kota, wakatawanyika kupanga huku na kule. Mwaka 2016 Rais Magufuli akaahidi wajengewe, na Machi 2022 Rais Samia akazindua maghorofa yenye nyumba 644, kwa hesabu ile ile ya kaya. Walirudi pale pale: soko lile lile, msikiti ule ule, daladala zile zile. Kwangu huo ndio mpango bora kuliko yote niliyoiona jijini. Kasoro yake ni muda. Karibu miaka kumi ya kusubiri tangu waondolewe ni mtoto anayeanza darasa la kwanza na kukaribia kumaliza sekondari kwenye vyumba vya kupanga.

Na kule Hanang, baada ya maporomoko ya tope ya Katesh ya tarehe 3 Desemba 2023, zilijengwa nyumba zaidi ya 100 eneo la Waret na watu wakakabidhiwa funguo. Kupewa nyumba iliyokamilika, nakiri, ni heshima ambayo sisi hatukuipata. Swali langu kwa waliohamia huko ni lile lile la mama: shamba liko upande gani?

Kuna aliyeandika kwamba haya ya "wakimbizi wa ndani" ni ya nchi zenye vita. Si kweli. Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika wa 2009 unawahesabu pia waliokimbia majanga ya asili, na unataka wahusika waulizwe na wachague wenyewe kwa hiari: kurudi walikotoka, kubaki walikokimbilia, au kupelekwa mahali pengine. Sisi hatukuulizwa. Tulitangaziwa.

Hata sheria zetu zinajua riziki ni nini, ila kwa upande mmoja. Ardhi yako ikitwaliwa kwa mradi, Kanuni za Ardhi za 2001 zinataka ulipwe thamani ya ardhi na ulichojenga, posho ya usumbufu, usafiri, posho ya makazi ambayo ni kodi ya miezi 36, na faida ya biashara utakayoikosa. Maji yakikuondoa, unapata msaada: blanketi, unga, na ukibahatika kiwanja. Beseni la mama na cherehani ya fundi viatu havimo kwenye fomu yoyote. Ningependa wabunge wetu waanzie hapo.

Sasa mleta mada, umesema uko Kigogo na mtaa wenu umeguswa na Mradi wa Bonde la Msimbazi, ule ulioidhinishwa 2022 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200. Umeuliza ufanye nini. Miradi ya mkopo huo ina masharti ya kuwatambua hata wasio na hati, wapangaji wakiwemo, kwa hiyo usikubali kuambiwa "wewe ni mpangaji tu" na kuondoka. Ukipata chochote, kabla ya kukimbilia kununua kiwanja cha bei rahisi huku kwetu au Chanika, panda daladala saa ile ile unayokwenda kazini sasa, kutoka huko unakotaka kuhamia, siku tatu mfululizo, uandike nauli na saa uliyofika. Ukikuta kiwanja, dai ofa na uzione bikoni, yale mawe ya mipaka, kwa macho yako mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Na kesho asubuhi nenda ofisi ya mtendaji, uombe kuona orodha ya kaya zilizoandikishwa kwenye nyumba unayokaa. Hesabu mistari. Kama mko kaya tano na mstari ni mmoja, waite wenzako wanne mwende pamoja, na kila mmoja aende na jina la kazi yake na mahali anapoifanyia.