Sauti ya Kiumbe wa Frankenstein

SWALI: Ndugu Mhariri, nimemaliza kusikiliza kitabu cha sauti cha Frankenstein, riwaya ya Mary Shelley. Nilitarajia kutishwa, lakini msomaji anapofikia maneno ya kiumbe aliyeundwa kwa viungo vya maiti, anatumia sauti ya upole, kama ya mtu aliyeelimika. Tena mara kadhaa sikujua "mimi" anayesema ni nani. Je, msomaji amekosea? – Msikilizaji, Tanga

JIBU: Ndugu msikilizaji, kuhusu upole huo, msomaji amekitendea kitabu haki. Wengi tunamjua kiumbe huyo kupitia filamu ya mwaka 1931, ambamo huguna na kunguruma tu; katika riwaya yenyewe, iliyotoka London mwaka 1818, ni fasaha mno, kwani alijifunza lugha kwa kuichungulia familia ya De Lacey kupitia upenyo mwembamba, kisha akasoma vitabu vya Milton, mshairi wa Kiingereza, na Plutarch, mwandishi wa Ugiriki ya kale.

Isikilize tena sehemu anapoingia kwa mzee De Lacey, ambaye ni kipofu, wakati vijana wametoka matembezini. Mzee anamkaribisha, anaongea naye bila hofu, na kumwambia kwamba hawezi kuuona uso wake, ila maneno yake yanamshawishi kuwa ni mkweli. Mara Felix, mwana wa mzee huyo, anaingia, anambandua magotini pa baba yake na kumpiga kwa fimbo. Sisi tunaosikiliza tumeketi pale pale alipoketi mzee, hatuna ila masikio, na sauti ya kunguruma ingeiua sehemu hiyo yote. Hofu yenyewe inakuja baadaye kidogo, sauti ile ile ya upole inapoeleza jinsi alivyomkaba koo mtoto William, mdogo wa mtu aliyemuunda.

Kuhusu "mimi", lawama yako ina msingi. Nahodha Walton, akiwa katika bahari ya barafu ya kaskazini, anamwandikia dada yake; ndani ya maandishi hayo anasimulia Victor Frankenstein, aliyemuunda kiumbe, na ndani ya masimulizi ya Victor anasimulia kiumbe. Msomaji asiyetua wala kubadili mwendo katika mipaka hiyo anamwacha msikilizaji njia panda.

Kipime kipaji chake kwa sura ya mwisho, ambapo Walton anamsikia kiumbe kwa masikio yake mwenyewe, kando ya maiti ya Victor. Sauti inapaswa kubaki ile ile, ili tujue kwamba ufasaha ule haukutiwa chumvi na Victor, ambaye alikwisha kumwonya Walton kwamba kiumbe huyo ana maneno ya kushawishi, na asimwamini.