Barua kwa Neema: gurudumu la nyuma

Mwanangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Umeuliza jambo moja tu: "Baba, mama ataweza kweli kuendesha baiskeli kutoka Dodoma mpaka Arusha na magoti yale?" Nimekaa na swali lako siku tatu. Kila nikishika kalamu, mawazo yananipeleka kwenye baiskeli yake iliyoegemea ukuta wa jikoni, hasa gurudumu la nyuma. Gurudumu la nyuma ndilo safari yenyewe. Hilo umelisikia kwangu tangu hujaanza shule.

Magoti ni habari fupi. Yalikuwa yanamuuma kwa mbele, kwenye pia ya goti, na maumivu ya hapo mara nyingi huletwa na kiti kilichokaa chini mno. Alikishusha ili akisimama miguu yote miwili iguse ardhi. Nimekipandisha sentimita nne. Akiweka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa mguu unanyooka, na akiweka sehemu ya mbele ya unyayo goti linabaki limekunjika kidogo. Kingezidi hapo, angeanza kuumia nyuma ya goti. Kwenye kilima anashusha gia mapema, kabla mguu haujalemewa.

Sasa gurudumu. Mzigo wote uko nyuma: mwili wake, keria, mikoba miwili ya pembeni na maji. Upande wa kulia, kwenye friwili, yale meno ya nyuma yanayovutwa na mnyororo, spoku zimesimama wima zaidi na zimekazwa kuliko za kushoto, ndiyo maana zinazokatika huwa nyingi za upande huo. Hukatika pale kwenye kona, zinapoingia kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Mbaya ni kwamba huwezi kupachika spoku mpya ya kulia bila kufungua friwili, na kila aina ya friwili ina kifungulio chake. Nimenunua kifungulio, nimekijaribu hapa nyumbani. Spoku sita za akiba nimezifunga kwa utepe wa gundi kwenye bomba la fremu, tatu za kulia na tatu za kushoto, kwa sababu za kulia ni fupi kwa milimita moja au mbili. Fundi asiyelijua hilo atakupa urefu mmoja kwa pande zote.

Ikikatika ya kulia tukiwa porini, ringi inavutwa kushoto na kuanza kugusa breki. Unaitoa iliyokatika, au unaisokota kwenye jirani yake isipigepige, kisha unalegeza nusu mzunguko zile mbili za kushoto zilizo karibu nayo. Ringi inarudi katikati kiasi cha kukufikisha kijijini. Ukishapachika mpya usiharakishe kukaza, kaza robo, zungusha, tazama nafasi kati ya ringi na mpira wa breki, kaza tena robo. Kila asubuhi nitazigonga zote thelathini na sita kwa spana. Iliyokazwa inalia kama waya wa zeze, iliyolegea inatoa sauti ya kifuu.

Sauti hiyo naijua, nawe unajua nimeijulia wapi. Ulikuwa unakwenda kuanza kidato cha tano, tranka lako la bati liko kwenye keria, wewe umekaa mbele kwenye bomba, tunaiwahi treni ya Tabora. Siku mbili kabla nilikuwa nimesikia gurudumu la nyuma likisema tik, tik, nikajiambia litafika. Lilikufa tukiwa tunaliona paa la stesheni. Spoku nne kwa mpigo, ringi ikajikunja kama chapati. Ulijitwika tranka kichwani ukakimbia bila kuniangalia, nami nikabaki nimeshika baiskeli. Treni ilikuwa imeondoka. Mama yako husema ni mambo ya zamani. Sawa, ni ya zamani. Lakini spoku moja ingenichukua nusu saa kuitengeneza, na nusu saa nilikuwa nayo.

Turudi kwenye safari. Tumechagua njia ya Kondoa. Barabara ya Singida ina malori mengi ya kwenda Rwanda na Burundi, hatuna haja ya kushindana nayo. Kutoka hapa mpaka Babati ni kama kilomita 250, lami tupu, nasi tunazigawa kwa siku sita: Makutupora kwenye mizabibu tunapita bado kuna ubaridi, usiku wa kwanza ni Mayamaya, halafu Chemba, Kondoa, Kolo, na kuendelea. Kolo tutapumzika siku nzima. Mama yako anataka kuiona michoro ya miambani, ile iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006.

Tunaondoka kila siku saa kumi na mbili asubuhi, na saa tano tunatafuta kivuli. Mwezi huu wa saba upepo unatoka kusini mashariki, kwa hiyo tukielekea kaskazini unatusukuma kwa nyuma upande wa kulia. Ni msaada, ila una hila. Mwili unauegemea bila wewe kujua. Lori likikupita linaukinga ghafla, nawe unayumba kulia, kule kule liliko. Ukisikia muungurumo nyuma, legeza viwiko, punguza mwendo, shika ukingo wa kushoto. Mama yako ameshaijua hiyo kuliko mimi.

Pancha zitakuwepo, nchi yetu ni ya migunga na mbigili. Kabla ya kuweka tyubu nyingine, pitisha pamba ndani ya tairi mzunguko mzima. Mwiba uliobaki utaikamata. Solusheni iache ikauke mpaka ing'are kidogo tu, isikunate kidole, ndipo ubandike kiraka. Nimewaza kuweka utepe wa tairi kuukuu ndani kuzuia miiba. Unazuia kweli. Lakini ni mzito, na kingo zake husugua tyubu mpaka inatoboka yenyewe. Nimeuweka nyuma tu. Jana nikautoa. Leo nimeurudisha, baada ya kuzikwangua kingo kwa kisu na msasa.

Milima ya kati ya Kolo na Bereko tutakokota, wala haina aibu. Kuteremka ndiko kunakohitaji akili: breki unabana na kuachia, ukizishikilia muda mrefu ringi inachemka. Maji ni lita tano kila mmoja, na mama yako anachanganya mwenyewe: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Mikono ya nesi haistaafu.

Najua hujauliza hayo. Umeuliza kama ataweza. Nilikuwa nimeshaandika jibu hapa, neno moja tu, akalisoma begani kwangu akachukua kalamu na kulifuta. Anasema hilo ni lake, atakujibu kwa simu akiwa Bereko, juu kabisa. Mimi nina langu moyoni, na ningependa sana kulisema.

Ukiweza, tukutane Babati. Njoo na tyubu mbili za inchi 26, zile zenye mdomo mnene kama wa gari, maana pampu yetu haishiki ule mwembamba.

Baba yako