Uzamili: majibu kwa wanaoomba nafasi na waliokwama katikati

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu walioko kazini, wenye familia, wanaotaka kurudi darasani. Nimejibu zile ambazo tarehe zake haziwezi kungoja.

Shikamoo dada. Nina GPA ya 2.9 na miaka minne kazini. Kuna chuo kitanipokea? (Mhasibu, Mwanza)

Marhaba. Kipo. Hapa Tanzania daraja la pili la chini linaanzia 2.7, na kwa vyuo vingi hicho ndicho kiwango cha chini cha kuingilia uzamili. Ugumu utaukuta kwenye ufadhili. Chevening ya Uingereza, kwa mfano, hutaka saa 2,800 za kazi, ambazo unazo, lakini kwa kawaida hutazamia pia daraja la pili la juu, na kwetu hilo linaanzia 3.5. Ningeomba chuo cha hapa, na ningezungumza na mwajiri kuhusu ada na ruhusa ya masomo kabla ya kujaza fomu. Ruhusa hiyo iwe ya maandishi.

Mwalimu aliyesimamia mradi wangu hanikumbuki. Nani ataniandikia barua ya mapendekezo?

Mkumbushe. Anayefundisha darasa la watu mia tatu hawezi kushika majina yote, lakini kazi yako akiiona ataikumbuka. Kichwa cha barua pepe kisiwe "Maombi". Andika "Mwanafunzi wako wa 2019, mradi wa maji ya visima Kigamboni". Ambatisha transkripti, muhtasari wa mradi, wasifu wako na tarehe ya mwisho ya kila chuo, kisha mpe wiki sita. Vyuo vya nje humtumia yeye mwenyewe kiungo cha kupakia barua mtandaoni, na vingi hutaka anwani ya kazini badala ya Gmail, kwa hiyo muulize kama ile ya chuo bado anaifungua. Wiki moja kabla ya tarehe mpigie simu, maana viungo hivyo huangukia sana kwenye spamu. Akikwambia "andika mwenyewe nitasaini", mpe hoja nne au tano za kweli kuhusu kazi yako, aziandike kwa maneno yake. Wasomaji wa maombi hutambua barua mbili zilizotoka kwa mtu mmoja.

Kuna kijana anadai milioni moja na nusu anitafutie nafasi Ujerumani. Nimpe? (Morogoro)

Usimpe. Maombi ya vyuo vingi vya kule hupitia uni-assist, ofisi inayopokea na kukagua maombi kwa niaba ya vyuo: euro 75 kwa ombi la kwanza, 30 kwa kila linalofuata muhula huohuo. Unaweza kuyafanya mwenyewe. Vyuo vingi vya serikali havitozi ada ya masomo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg hutoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Fedha nzito ni ya viza: tangu Septemba 2024 unatakiwa kuonyesha euro 11,904 za kujikimu kwa mwaka kwenye akaunti maalumu. Kama huna, anzia DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi.

Nimepata uzamili wa mwaka mmoja Uingereza. Naweza kwenda na mume na mtoto? (Mwalimu, Kilifi)

Kwa kozi za darasani, yaani zisizo za utafiti, hapana, tangu Januari 2024, isipokuwa unalipiwa kwa ufadhili wa serikali. Kaa na mume wako mlimalize hili kabla hujalipa amana ya chuo.

Nilimaliza masomo ya darasani mwaka juzi. Msimamizi hajibu, ada inapanda. Nimechoka. (Dar es Salaam)

Pole sana, ndugu yangu. Watu wengi huachia hapo ulipo, wakiwa wamefaulu mitihani yote, na inaniuma.

Tazama kwanza unachomtumia. Sura ya tasnifu yenye kurasa 40 na ombi la "maoni" ataiweka kando hadi apate siku nzima, na siku hiyo haiji. Mtumie kurasa tano na swali moja: "Wauguzi 60 wa zahanati tatu wanatosha, au niongeze Temeke?" Hilo atalijibu hata akiwa kwenye foleni ya Ubungo. Mfuate pia ofisini siku anayofundisha, ukiwa na kurasa zilizochapwa, na kila mkionana mwandikie jioni hiyohiyo mliyokubaliana.

Kimya kikipita mwezi, peleka barua rasmi kwa mratibu wa uzamili wa idara, uambatishe mawasiliano hayo na kuomba msimamizi mwenza au mwingine kabisa. Hujamkosea adabu mtu. Utaratibu huo upo kwa ajili yako. Kama utafiti unagusa wagonjwa, andaa sasa maombi ya kibali cha maadili, maana nacho huchukua muda wake.

Kuhusu ada, kama huwezi kuendelea muhula huu, omba kuahirisha kwa maandishi kabla usajili haujafungwa. Ukikaa kimya, deni litaendelea kusomeka kwa jina lako.